Mafundo ya Waya

"Ng'oa zote, dada! Waya nyeusi tupu, utajuaje ipi ya taa, ipi ya honi?"

"Sing'oi hata moja, fundi."

"Basi hii gari itakuunguza uso, mimi simo!"

Dada huyo, Sikudhani, hakuwahi kumiliki hata baiskeli. Gari lake la kwanza ndilo hili, bodi ya faiba iliyoundwa na mtu uani kwake zamani, likaachwa mpaka panya wakazalia kwenye siti. Wiki tatu amelala chini ya dashibodi, tochi mdomoni. Fundi Machano kafika leo tu, anataka kukata kila kitu aanze upya.

"Lete kidole. Papasa hapa."

Machano akapapasa. Kila waya ulifungwa uzi wa kushonea viatu, na uzi una mafundo.

"Moja taa," Sikudhani akasema. "Mawili honi. Matatu pampu ya mafuta. Alikuwa na waya wa rangi moja tu, huyo bwana aliyeunda gari, na hakushindwa."

Akagusisha ule wa mafundo mawili kwenye betri. Honi ikalia mtaa mzima.

"Nani kafanya hivi?"

"Hata jina hakuandika."

Machano akafunga mkoba wake. "Hapa hamna kazi yangu," akasema, akageuka, akaenda zake huku akiviangalia vidole vyake.