Funda la Kwanza

Mbonea alijaza funda la dengelua mdomoni, akalizungusha taratibu, mashavu yametuna. Hakuwa mtu wa kubugia pombe. Yeye alionja kwanza, ndipo ameze. Bia za chupa za pale Same alishazisema: unalipia nembo tu. Lakini hii pombe ya miwa, kwenye kibanda kipya nyuma ya soko, ilikuwa nusu ya bei na kali maradufu.

Mama yake, aliyeshuka na tangawizi kutoka milimani, alikuwa akimtazama muuzaji. Kwao, mpishi wa pombe hunywa yeye kwanza mbele ya mgeni, ndipo ampe kibuyu. Huyu alimimina akakabidhi, basi.

"Dada, mbona hujaonja?"

"Mimi nimeokoka, mama," muuzaji alicheka.

"Umeokoka, na unapika?"

Kicheko kikakatika. Mama alichukua kibuyu mkononi mwa mwanawe, akamsogezea muuzaji. "Lowesha mdomo tu."

Mikono ya muuzaji ikabaki ndani ya kanga.

Kwenye benchi la ukutani, mzee aliyekuwa akinywa hapo tangu jana akapapasa hewani. "Jamani, nani kafunga dirisha? Mbona giza?"

Dirisha lilikuwa wazi. Jua la saa saba mchana lilimwangukia usoni.

Mama alimgeukia mwanawe, akakinga kiganja chini ya kidevu chake, kama alivyokuwa akimfanyia alipokuwa mdogo.

"Tema, baba. Tema."

Mashavu ya Mbonea yalikuwa yameshanywea.