Filamu Haina Haraka

Saa nne na robo asubuhi, dukani, mama mkwe alikuwa ameshika diski mbili za kompyuta, moja kila mkono, akizipima uzito kama mtu anayechagua viazi.

Mkwewe, mpima ardhi, alisimama hatua moja nyuma yake, pale heshima ilipomtaka asimame. Kuchagua hakukuwa kwake tena. Wiki iliyopita alikuwa amefuta video ya mahafali ya shemeji yake ili mchezo wake upate nafasi kwenye kompyuta ya sebuleni. Mkewe alipogundua hakugombana. Alisema tu, "Diski mpya atachagua mama. Wewe utabeba."

Ile nyeusi ilikuwa ya kuzunguka: terabaiti nne, nafasi ya kumeza picha na video za ukoo mzima. Ile ya rangi ya fedha ilikuwa nyembamba kama biskuti, ndani hakizunguki kitu, terabaiti moja tu, lakini ina mbio. Mpima ardhi aliitazama kama mfungwa atazamavyo mlango ulioachwa wazi.

Jioni hiyo alikuwa na fainali. Mchezo wenyewe ni wa kuteka daraja, na mpinzani ni mtu wa mtandaoni anayejiita Kisiki. Mpima ardhi hakumjua. Alikisia ni kijana wa chuo, hana kazi wala mke. Kila walipokutana, diski ya zamani ilijivuta kufungua uwanja, na ulipofunguka Kisiki alikuwa ameshatulia darajani. "Nitakung'oa na mizizi yako," mpima ardhi alimwandikia juzi. Kisiki akajibu, "Nenda kale kwanza."

"Mama, hiyo nyembamba haina kelele," alisema sasa. "Hata ikianguka haidhuriki."

"Nani ataiangusha? Si itakaa ndani ya kompyuta?"

"Ni tahadhari tu, mama."

Mama mkwe alimgeukia muuzaji. "Hii ya kuzunguka, kasi yake kazini ikoje?"

"Kwa picha na filamu hutaona tofauti, mama. Watakaolia ni wacheza michezo. Uwanja mmoja unaweza kuchukua dakika nzima kufunguka."

"Dakika nzima," mama mkwe alirudia taratibu, kama anayeonja chumvi.

"Ndiyo maana nasema..." mpima ardhi alianza.

"Mkwe, mimi nina tamthilia zangu, mkeo ana picha za watoto. Filamu haina haraka. Mbio za nini?" Aliirudisha ile nyembamba kwenye kaunta. "Tufungie hii nyeusi."

Mpima ardhi akaibeba. Mtu anaweza kubishana na mkewe akalala salama. Na mama mkwe, hapana.

Kabla ya adhuhuri alikuwa chini ya meza ya sebuleni, bisibisi mdomoni, akiifunga. Mama mkwe alimshikia tochi.

"Na mchezo wako nao umo humu humu?" aliuliza.

"Humu humu, mama. Hakuna pengine."

"Vizuri," alisema, akamsogezea mwanga.

Jioni mama mkwe alichukua laptopu yake na visikizi vyake vya masikioni, akaingia chumbani na kufunga mlango. Ilikuwa desturi yake. Nyumba nzima ilizoea kumsikia akifoka mle ndani, "Kufa basi, na wewe," na nyumba nzima ilijua kwamba tamthilia zina watu wabaya sana.

Sebuleni, diski mpya ilianza kukoroma. Mstari wa kijani ulitambaa kwenye kioo kama konokono mwenye mashaka. Ulipofika mwisho, bendera ya Kisiki ilikuwa ikipepea darajani. Ujumbe ukaingia: "Karibu."

Mpima ardhi alipigana kiume. Alishambulia kushoto, akapoteza kikosi. Alizunguka kwa mtoni, akapoteza kingine. Mwishowe alibaki na askari mmoja, amejibanza nyuma ya gogo.

Kanuni ya ligi alikuwa anaijua: anayetoka kabla ya mwisho ameshindwa. Lakini kushindwa na mtandao ni ajali, kushindwa na Kisiki ni aibu. Alitazama huku na huku. Akanyoosha mkono hadi kwenye rafu, akachomoa waya wa kisanduku cha intaneti.

Kioo kikaganda.

Alichukua simu, ambayo ilikuwa na kifurushi chake chenyewe cha intaneti, asome matokeo. Aliyasoma, akafuta kioo cha simu kwa shati, akayasoma tena. "Sare. Wachezaji wote wawili wametoka kwa wakati mmoja."

Mlango wa chumbani ukafunguka. Mama mkwe alichungulia, visikizi shingoni.

"Mkwe, chomeka waya," alisema. "Umebakiwa na askari mmoja tu."