Usingizi wa Pono

Mtoto hakuwa ameamka kunyonya tangu alfajiri, na Hadeel alikuwa hakai wala hatulii.

"Mwache alale," mama mkwe wake alisema, akiparua magamba ya pono, samaki wa buluu anayeng'aa. "Wenzio wanakesha na vilio. Wewe umejaliwa usingizi wa pono, walalamika!"

"Pono halali kwa raha, mama. Usiku hujifunika utando wa ute ili mkunga asimnuse. Anajificha."

"Mkunga wa nini tena, na wewe ushazaa?" Mama mkwe alicheka.

"Yule wa mwambani, mama, kama nyoka. Ukiugusa ule utando, pono huamka."

Hadeel akamsugua mtoto nyayo. Hakushtuka. Akamsogeza dirishani kwenye mwanga, akamtazama midomo, kisha akamtazama samaki. Ilikuwa buluu ile ile.

"Ya Rabbi." Akavuta buibui lake.

"Waenda wapi? Arobaini haijatimia! Mzazi hatoki nje!"

"Mtazame, mama."

Mama mkwe akatazama. Kisu kikamponyoka. Alimpita Hadeel mlangoni, mikono imejaa magamba, akatokea barabarani, Ndia Kuu, kichwa wazi.

"Tuktuk! Simama, mwanangu! Simama, kwa haki ya Mungu!"