Pedali ya Miguu Mirefu

Siku ile mjinga alikuwa fundi Constant, na mwenyewe hakubisha. Tangu asubuhi alilala chali chini ya usukani wa lori kuukuu, akifunga pedali ya mafuta aliyoing'oa kwenye gari jingine lililoungua. Aliipima kwa mguu wake mwenyewe, mrefu kama wa korongo. Hakuuliza nani ataendesha, ingawa shofere hakuonekana tangu jana.

Nyuma, familia nzima nzima zilishapanda na magodoro yao. Risasi zilikuwa zimefika mtaa wa Nyakasanza. Barabara ya kukimbilia Komanda ilikuwa bado wazi.

Alipokaza nati ya mwisho, aliyepanda kushika usukani alikuwa mama mwenye lori, mjane mfupi. Kandambili yake ilining'inia hewani. Kati yake na pedali ilibaki nafasi ya vidole vitatu. Alijivuta mbele mpaka kifua kikagusa usukani. Bado.

Constant alijifuta jasho. Mgongo ulimuuma hata kucheka kukamchosha.

"Mama, kamio hii inaomba mwanaume. Tungojee shofere, pengine atarudia kesho."

"Kesho ya nani?"

"Sasa nifungule yote tena? Nimechoka, mama. Na hiyo miguu mifupi ni Mungu alikupa, hapana mimi."

Mama hakushuka. Mguu wake uliendelea kutafuta chuma.

"Constant, shofere mwenye miguu mirefu alikimbia nayo jana. Hii mifupi ndiyo imebakia na watu. Fungula."