Jezi Namba Tisa

Chande alifika uwanjani kabla ya wenzake, akamkuta Bi Somoe, mfuaji wa jezi za timu, katika chumba cha kubadilishia nguo, ana pasi ya moto na wembe. Alikuwa anabandua herufi za jina mgongoni mwa jezi namba tisa. Jezi ya Chande.

"Shikamoo bibi. Mbona unalitoa jina langu?"

"Marahaba. Kwani hawajakuambia, mwanangu?"

"Kuniambia nini?"

Bi Somoe akaweka pasi chini. "Mdomo wangu huu! Anakuja mshambuliaji mwingine leo. Viongozi wanasema goti lako limekwisha."

"Goti limepona! Jana nimewakimbiza wale vijana mpaka wakaomba poo."

"Mimi nilikuona. Wao hawakuwepo."

 Chande alishika ncha ya jezi, akaikaza, bibi akabandua zilizobaki. Kisha Chande akaiinua kwenye mwanga. Misimu sita ya jua ilikuwa imepausha kitambaa chote, isipokuwa pale chini ya herufi, na jina lake lilisomeka bado, jekundu kabisa.

Nje wenzake walianza kufika, wanataniana. Bi Somoe aliichukua jezi taratibu, akaichovya kwenye beseni la sabuni, akaanza kusugua pale penye jina.