Goti la Nyamizi

Sheria ilisema kwamba anayemchania mwenzake kano za goti uwanjani atahamia kwake na kumuuguza, bila ruhusa ya kucheza, mpaka mgonjwa mwenyewe aiambie kamera ya ukutani kuwa amepona. Ndiyo maana Chausiku, beki aliyemrukia Nyamizi kwa miguu miwili, alikuwa ametimiza miezi minane akilala sebuleni kwake. Kila asubuhi, uji ukishanywewa, alilikunja goti lililopasuliwa huku akihesabu hadi kumi.

“Taratibu, mchinjaji wewe.”

“Ungetoa pasi mapema, tusingejuana.”

Jana, Chausiku alipokwenda sokoni, Nyamizi alichuchumaa akafua kanga yake, akainuka bila maumivu yoyote. Leo kamera iliuliza kama kawaida, “Umepona?”

“Bado,” alijibu. Ligi ingeanza Jumamosi, naye alitaka Chausiku aukose msimu kama alivyomkosesha yeye.

Kamera ilizimika mpaka kesho. Chausiku aliitazama ile kanga kwenye kamba, ambayo hakuifua yeye. Akafunga mlango, akalishika goti kwa mikono miwili.

“Pole, dada,” alisema kwa upole. “Kama bado, leo tutahesabu hadi mia.”