Paka wa Mama Mkwe

Usinibinulie mdomo, kama huamini, nenda kaoshe vyombo.

Bi Ngiri alitamani kufuga paka, ila mumewe akinusa manyoya tu hupiga chafya mpaka machozi.

"Chagua, mke wangu, paka au mimi!"

Bi Ngiri hakubisha. Alitafuta paka, akampelekea mama mkwe, kikongwe aliyekuwa akiishi peke yake. Basi kila alasiri akawa yuko huko, na Ngiri akajigamba kwa majirani, "Mke wangu anampenda mama!"

Siku moja akaona manyoya kwenye kanga ya mkewe. "Kumbe unamfuata paka!"

"Namfuata. Na mama yako anapata mtu wa kucheka naye. Wewe mwanawe ulimwona lini?"

Yule mwanamke, mwenye akili zake, akabeba uji wa mkwewe, akatoka, akafunga mlango.